Huzuni Iliyotoka kwenye Ngozi

Siku ya ishirini na moja ya eda nilianza kujikuna.

Siku hiyo naijua kwa sababu nilikuwa nahesabu. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na yangu niliikalia Kisarawe, nyumbani kwa mama mkwe wangu, kwenye chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa choo. Vilima vipo Kisarawe, mikorosho ipo, na upepo mzuri wa asubuhi upo, lakini aliyejenga chumba kile aliweka dirisha upande mwingine.

Kwa haki nilipaswa kukaa kwangu, Tangini, Kibaha, ambako nina cherehani barazani na nashona sare za shule. Ila nyumba ile ni ya kupanga, na chumba cha mbele anakaa mwenye nyumba, mwanamume asiye na familia. Wazee wa upande wa mume wakaona haifai. Wazazi wangu mimi, watu wa kijiji cha Janga, walishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo hapakuwa na wa kunisemea. Mume wangu alizikwa Kisarawe alasiri, na kabla ya magharibi nikawa nimeshavishwa nguo nyeupe na kuingizwa chumbani. Nilidhani nitaachiwa walau siku moja nirudi Tangini nikafunike cherehani. Sikuachiwa.

Kabla sijaendelea niseme jambo ambalo ndani ya nyumba ile hakuna aliyelijua. Mimi na marehemu tulikuwa tumeshaachana, ilibaki talaka tu. Miaka mitatu alikuwa akilinda ghala kule Soga na kulala huko huko. Mwanzo alikuja Tangini kila mwisho wa mwezi, kisha mwezi mmoja anaruka, kisha akawa anapiga simu tu. Hatukujaaliwa mtoto. Hatukugombana pia, tulichokana. Mara ya mwisho tulipoonana tulikubaliana, wenyewe kwa wenyewe, kwamba mfungo ukiisha tutakwenda kwa wazee tuyamalize. Mfungo haujafika, presha ikamwangusha. Nilipopigiwa simu nilisikitika kama mtu anavyomsikitikia jirani wa siku nyingi, na nikajiona mbaya kwa kusikitika kiasi hicho tu.

Kwa hiyo nilikuwa nakalia eda ya ndoa ambayo moyoni nilishaifungia mlango. Sheria ya dini yangu sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulikuwa na kile chumba, na masharti ambayo nyumba ile iliyaongeza juu ya yale yaliyoletwa na Mtume. Mjane hajipaki manukato, hilo kila mtu analijua. Pale kwa mama mkwe hajipaki chochote chenye harufu, kiwe nini kiwe. Sabuni ya kuogea hapana, mafuta ya nywele hapana, hata sabuni ya kufulia nguo zangu ilinuswa kwanza. Nywele hazichanwi, zinafungwa chini ya kitambaa zikae hivyo hivyo. Tena kizuka, ndivyo anavyoitwa mjane aliye ndani, halali peke yake. Mwanamke mtu mzima hulala naye asije akazidiwa na mawazo. Aliyelala na mimi ni mama mkwe mwenyewe. Kitanda kimoja, shuka moja, na alfajiri baridi ya vilimani ilipoingia tulijifunika khanga zake.

Nguo nyeupe walizonivisha zilikuwa za tetroni. Fundi nguo hawezi kukosa kuliona hilo, hata akiwa amefiwa. Tetroni haipitishi hewa, jasho likiingia halitoki, na chumba kile mchana kilikuwa na joto la kuivisha ndizi.

Basi muwasho ulianza kiunoni, pale nguo inapofungwa. Kilikuwa kipele, kikawa kiduara cha ukubwa wa kifungo cha shati, kisha duara likapanuka, kingo zimeinuka na katikati pamepauka. Lilipofika ukubwa wa kisosi likapata wenzake. Nilijua ni choa. Watoto ninaowapima sare wanacho shingoni kila msimu wa mvua, na mama zao nawaambia mimi mwenyewe wakatafute dawa ya fangasi. Dawa ipo duka lolote la dawa pale Kibaha. Unapaka wiki mbili tatu, unaendelea kidogo hata baada ya kupona, unasahau. Tatizo langu ni kwamba duka lilikuwa nje na mimi nilikuwa ndani.

Nikamwambia wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa akinipikia na kunitekea maji. Mwanamke mwema, mcheshi, mwenye mdomo. Akajitanda akaenda mjini. Alivyorudi alinisimulia kwa fahari namna alivyofanya, na mimi nikacheka, sikujua nacheka nini. Muuzaji alimtolea tyubu tatu. Wifi akafungua ya kwanza akainusa, inanukia, akairudisha. Akafungua ya pili, inanukia kidogo, akairudisha. Muuzaji akawa anang'aka kwamba bidhaa zake zinachezewa, wifi akamuuliza yeye kwao hakufiwi. Ya tatu haikuwa na harufu hata chembe. Akainunua hiyo, akarudi nyumbani na dawa yangu mkononi na eda yangu salama.

Ile tyubu isiyo na harufu haikuwa ya fangasi. Ilikuwa dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe, ile ambayo wengine huitumia kujichubua. Hilo nilikuja kuambiwa baadaye. Wakati ule nilipaka, na siku ya tatu muwasho ukanyamaza, mabaka yakafifia, na nikamshukuru wifi hadi akaona haya. Kumbe dawa ile hunyamazisha ngozi tu. Fangasi wenyewe huachiwa uwanja. Wiki ya pili walirudi hawana hata sura ya choa: duara limepotea, vipele vimetapakaa tumboni, mgongoni na chini ya matiti. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikawa napaka zaidi.

Siku moja nilikuwa naoga uani, mama mkwe akaja kuniongezea maji, akauona mgongo wangu. Alisimama na kata mkononi muda mrefu. Nilitegemea aulize hivi ni nini. Hakuuliza. Alinifunika khanga mabegani, akasema taratibu:

"Nilikuwa nikidhani wewe mwanangu hukumpenda."

Akalia pale pale. Kisha, tukiwa tumekaa kitandani, akanieleza jambo ambalo yeye naye alielezwa na mama mkwe wake siku alipofiwa na mume. Huzuni ya mume, ikimkolea mtu kweli kweli, hutoka kwenye ngozi. Wako wajane wanaolia kwa sauti wiki nzima na ngozi zao zinang'aa. Hao kilio chao ni cha mdomoni. Na yuko anayelia kwa ndani, huyo utamuona. Haikunwi sana, haipakwi, inaachwa itoke. Siku huzuni ikiisha na ngozi hutakata yenyewe.

Ningemjibu nini? Mwanamke amemzika mwanawe wa pekee wa kiume, ananishika mkono, ananiambia amenidhania vibaya. Nikanyamaza. Na nitasema yote, maana haina faida kusema nusu: nilifurahi. Miaka yote ya ndoa yangu mama yule alikuwa akinikaribisha kwa heshima na kuniangalia kwa pembeni, kama fundi anavyoangalia kitambaa ambacho hakukichagua yeye. Kuanzia siku ile akaanza kunichagulia mnofu kwenye mchuzi. Alinifunika usiku. Ijumaa wanawake wa mtaani walipokuja kusoma, aliwaambia, mimi nasikia, kwamba mkwe wake huzuni imemtoka hadi kwenye ngozi. Wakaguna kwa kunihurumia. Nikainamisha kichwa, nikaipokea huruma ambayo haikuwa yangu, na ilikuwa tamu.

Hapo ndipo nilipofungwa. Mlango wa chumba haukuwa na kufuli, na madrasa nilisoma, najua mgonjwa ana ruhusa ya kutoka kutibiwa. Lakini kujua hakukunipa miguu. Kuomba dawa sasa kulikuwa ni sawa na kuomba niondolewe kilio cha mwanawe, na kutoka nje kulikuwa ni kuwapa watu maneno: mkwe wa Kibaha amevunja eda. Nilijua pia, na hili ndilo lililonikaba zaidi, kwamba wangesema hivyo wasingekuwa mbali sana na ukweli. Basi nikajikuna kimya kimya, nikangoja siku zipite. Zilikuwa zimebaki sabini na kitu.

Wiki ya nane ikapanda kichwani.

Nywele zangu ni nyingi na ndefu, na mimi si mnafiki, najivunia. Hazikuchanwa tangu msiba. Kwanza pakawa na sehemu nyuma ya sikio panapowasha na kutoa magamba, nywele zinakatika zinabaki vishina. Mapunye, nikasema moyoni, mtu mzima na mapunye kama mtoto wa chekechea. Kisha pakavimba. Pakawa donge laini, linauma likiguswa, linatoa usaha, na tezi za shingo zikasimama. Nikalala upande mmoja tu. Asubuhi moja nilivua kitambaa, kikatoka na fungu la nywele limeshikamana, na chini yake ngozi ilikuwa mbichi.

Nilimwambia mama mkwe nataka kwenda hospitali. Nilisema kwa adabu zote, nimepiga magoti. Alinitazama kwa huruma ya kweli, akasema eda haivunjwi kwa vipele, nivumilie, kinachotoka kinamalizika. Nikamwambia wifi. Wifi akasema yeye hawezi kumpita mama yake, lakini aliinusa hewa ya chumba na uso wake ukabadilika, maana usaha ule ulikuwa umeanza kutoa harufu. Miezi miwili wananilinda nisinukie, na sasa nilikuwa nanuka.

Nina hasira za karibu, wanaonijua Tangini watakwambia. Pale Kisarawe nilikuwa nimezimeza hadi nikadhani zimekwisha. Ijumaa iliyofuata wanawake walikuja kama kawaida, chumba kikajaa, wakasoma, wakamaliza. Mama mkwe akaanza maneno yake ya kunisifu. Sikuyapanga niliyoyafanya. Nilipeleka mkono nyuma, nikafungua kitambaa, nikakivuta, na kile kilichokuwa kimeshikamana nacho kikaja nacho. Nikainamisha kichwa mbele yao ili wasikose kuona.

Mama mmoja aliyestaafu ukunga, mwenye miwani imefungwa kwa uzi, akasogea, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku. Alisema, si kwa ukali, kwamba hili linakula mizizi ya nywele, likiendelea kichwa kitabaki na upara usioota tena maisha, na kwamba binti huyu apelekwe hospitali leo hii na yeye ndiye aliyesema. Kumpinga mama aliyewapokea watoto wa nusu ya mtaa hakukuwezekana. Mama mkwe aliinuka akatafuta viatu vyake.

Tulikwenda kwa bajaji, mimi na yeye, khanga zimetundikwa pande zote mbili ili nisionekane. Nilichokiona cha Kisarawe siku ile ni maua ya khanga na visigino vya dereva. Lakini upepo ulipenya, na nikaufungulia mdomo niupate wote.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye uchovu wa mchana mzima. Aliuliza nimetumia dawa gani, nikamtolea tyubu ya wifi. Aliisoma, akaiweka mbali kidogo na yeye juu ya meza, akanieleza yale niliyokwisha kuyasema hapo juu, kwamba dawa hii kwa fangasi ni chakula. Nilipomweleza tuliichagua kwa kunusa hakucheka, na nikamshukuru kwa hilo. Akakwangua magamba kutoka kiunoni na kichwani kwa kijiwembe, yakaenda maabara kwenye kioo, tukangoja. Majibu yaliporudi aliniuliza:

"Unalala na nani?"

"Na mimi," mama mkwe akajibu kutoka kwenye kiti cha pembeni. "Kizuka halali peke yake."

Daktari akamwomba amuoneshe mikono. Mama mkwe alikuwa ameificha chini ya khanga, na sasa nilitambua kwamba siku zote huificha. Akaitoa. Kucha zilikuwa nene, za manjano iliyokolea, zinamomonyoka kwenye ncha. Miaka yote nilidhani ni kucha za jembe. Daktari akasema bibi, na mgongo naomba niuone, akainuka akavuta pazia. Yule mama aligeuka akatazama ukuta, akaishusha khanga mwenyewe.

Nililala kando ya mgongo ule siku sitini na sikuwahi kuuona, maana yeye huoga kabla ya alfajiri na hulala amejifunga hadi shingoni. Ulikuwa mweusi wa mabaka yaliyokomaa, yameingiliana kuanzia bega hadi kiuno, yamekauka, na juu yake mistari ya kucha, mingine mipya.

Daktari akauliza hali hii ni tangu lini. Mama mkwe akasema tangu eda yake yeye, mwaka wa kumi na mbili huu. Akaulizwa kwa nini hakuja kutibiwa.

"Nitibiwe nini, mwanangu?" akasema. "Mimi bado namlilia mume wangu."

Aliyasema hayo kama mtu anayetaja umri wake. Daktari akasema bibi, kumlilia babu utamlilia, lakini hii ni fangasi, wanaambukizana watu wanaolala pamoja, na ina dawa. Akaandika. Mimi nilipewa vidonge vya kila siku kwa wiki nane, nivinywe baada ya chakula chenye mafuta ili mwili uvipokee. Yeye alitolewa damu kuangalia ini, na lilipoonekana zima akapewa vidonge vya miezi mitatu kwa ajili ya kucha, maana za miguuni nazo zilikuwa vile vile, pamoja na krimu ya mgongo. Tuchemshe shuka na nguo, tuanike juani, tupige pasi. Kila mtu na khanga yake na kitana chake. Na tupone wote wawili, alisisitiza, kwa sababu mmoja akibaki nayo atamrudishia mwenzake.

Krimu ilikuwa inanukia. Wifi aliinusa mlangoni, akatutazama. Akapiga simu kwa ustadhi, na ustadhi akamjibu kwa maneno machache kwamba dawa si manukato na hospitali si matembezi. Hayakuchukua hata dakika mbili. Kwa miezi miwili hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyeniziba mdomo mimi nisiulize.

Kazi ya kumpaka mama mkwe mgongo ikawa yangu, asubuhi na jioni, kwa kuwa mkono wake haufiki. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akashusha khanga. Hakunisifu tena mbele ya watu. Hakunigombeza pia. Donge la kichwa changu likapungua, usaha ukakauka, mwili ukaacha kuwaka. Nilianza kulala usingizi wa kweli, yeye kwenye godoro lake chini na mimi kitandani, chumba kile kile. Mgongo wake ulikuwa na ukaidi, lakini wiki ya tatu niliona ngozi inarudi, vipande vidogo vidogo laini, na nilikuwa navipaka kwa furaha ambayo sikumwambia.

Wiki ya tano nilikuwa navua foronya za kuchemsha. Kwenye yake kikadondoka kitu kilichofungwa kwa karatasi. Nilikifungua. Vilikuwa vidonge, na vilikuwa vingi.

Alikuwa mlangoni. Niliviweka juu ya godoro kati yetu, nikamuuliza vimefikaje pale.

"Juzi nimeoga," akasema, "nikajipapasa huku nyuma, sikukuta kitu. Nimezoea kumkuta. Nikivimaliza hivyo nitabaki na nini chake?"

Nisijisifu hapa. Kwanza kabisa niliifikiria ngozi yangu. Zilikuwa zimebaki siku thelathini na moja, nilitaka kutoka mle ndani nikiwa mzima, na huyu alikuwa anataka kunirudisha nilikotoka. Ningeweza kumtisha kwa jina la daktari. Ningeweza kumwita wifi. Lakini nilimtazama, na mikono yake ilikuwa imerudi chini ya khanga, na nikaona kwamba kwake yeye chumba hiki hakikufunguliwa miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa nahesabu siku, yeye hakuwa na hesabu. Na ufunguo wa kumtoa nilikuwa nao mimi, nao ulikuwa ni ule ule nilioufumbata tangu siku ya mazishi.

"Mama," nikasema, "mwanao mimi sikumlilia."

Nikamwambia yote. Soga, ile miisho ya mwezi iliyokuwa ikirukwa, makubaliano yetu ya baada ya mfungo. Nilimwambia kwamba sikuwa na kinyongo naye na sikuwa na mapenzi naye, na kwamba simu ya msiba iliponifikia nilimalizia kwanza kushona mfuko wa sare niliyokuwa nayo kwenye cherehani. Nikamwambia, umeuona mwili wangu mwenyewe. Nilitoka mabaka kushinda yako, nilitoka usaha, na hata machozi ya kujaza kijiko sikutoa. Ingekuwa ni huzuni, mimi isingenigusa.

Uani wifi alikuwa anatwanga kisamvu, na nilisikia kila pigo la mchi, hadi alipomaliza. Mama mkwe alipiga goti polepole kwenye godoro, akaokota kidonge kimoja, akanyoosha mkono nimpe kikombe cha maji. Akameza. Akavikusanya vilivyobaki, akavifunga vizuri kwenye karatasi yake.

"Kumbe humu ndani nilikuwa nalia peke yangu," akasema.

Akakunja godoro lake. Nilitaka kumsaidia kulibeba, akasema ataliweza. Kuanzia siku hiyo alilala chumba cha wifi, na kizuka akalala peke yake siku zote zilizobaki, na hakuna aliyesema haifai. Mgongo alipakwa na wifi. Vidonge alivimeza vyote, wifi aliniambia, kimoja kimoja, hakuruka hata siku.

Eda ilipokwisha nilikogeshwa, nikavishwa nguo ya rangi, nikarudi Tangini. Cherehani ilikuwa imeota kutu kwenye gurudumu. Nywele zangu zimerudi, isipokuwa pale nyuma ya sikio, pana sehemu ya ukubwa wa kifungo cha koti ambayo haitaota tena, na mtandio unaifunika. Mama mkwe amepona kabisa. Kucha zilichukua karibu mwaka, maana kucha haziharakishwi, lakini zimeota mpya, nyembamba, safi, na siku hizi mikono yake haifichi.

Nakwenda kumsalimu kila Iddi. Mara ya mwisho nilifika mchana, nikapiga shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza safari, akaniuliza kazi, akachinjisha kuku. Aliwaambia majirani waliopita kwamba huyu ni mjane wa marehemu mwanawe. Tulipomaliza kula akamwita wifi, akamwambia anitandikie chumba cha wageni. Nikasema ahsante mama, na yeye akasema karibu, kama anavyomkaribisha mtu yeyote.